Springi za Pikipiki na Uzito wa Mpandaji

Zamani Bwana Shamba, mwalimu na mganga walikwenda vijijini kwa miguu, na aliyebahatika alipata baiskeli. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa pikipiki, na mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima, ambao wazee wetu bado huwaita Mabwana Shamba. Katika Mkoa wa Singida vyombo hivi havikai katika lami. Hupita katika mawe makubwa yanayozunguka mji wenyewe, hushuka kutoka nchi ya juu ya Iramba mpaka mbuga ya Wembere yenye udongo mweusi, na upande wa Itigi na Rungwa hukata mchanga katikati ya vichaka. Kwa njia za namna hiyo zilitengenezwa zile pikipiki ndefu zenye tairi za meno, kama Yamaha DT na Honda XL, ambazo magurudumu yake hupanda na kushuka sana.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtengenezaji wa pikipiki hamjui atakayeipanda. Huchagua springi moja kwa ajili ya watu wote, na katika pikipiki nyingi za njia mbaya springi hiyo imekusudiwa mtu wa kilo 70 hivi au zaidi kidogo. Mtu wa kilo 100 akiketi juu yake, springi haivunjiki wala hailalamiki, illa kazi yake haiwezi kuifanya barabara. Nyuma hukaa chini na mbele huinuka. Usiku taa humulika matawi ya miti badala ya njia. Katika mchanga usukani hauna uzito wa kutosha, nao huyumba kama hauna mwenyewe. Katika mawe shokapu hugota mwisho, na kishindo ambacho springi ingekimeza huingia katika rimu, katika fremu, na katika uti wa mgongo wa mpandaji. Mtu aliyesafiri hivyo miaka mitano hahitaji kuelezwa habari za maumivu ya kiuno. Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko kiuno, maana pikipiki iliyogota mwisho katika jiwe humrusha mtu, na hospitali mara nyingi i mbali.

Hapo ndipo watu wanapokwenda kwa fundi, na fundi, kwa nia njema, huchukua spana na kukaza nati ya springi ya nyuma. Pikipiki huinuka, mwenyewe hufurahi, hulipa, na huenda zake. Kusudi la makala haya ni kueleza kwamba kukaza springi siko kuifanya iwe ngumu. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na anayeyachanganya atatumia fedha zake bure.

Tuanze na springi yenyewe, ambayo katika vitabu vya zamani huitwa kamani. Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alichapisha kanuni yake mwaka 1678, nayo ni nyepesi: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito uliowekwa juu yake. Ikiwa kilo 10 huibonyeza milimita 5, basi kilo 20 huibonyeza milimita 10, na kilo 40 huibonyeza milimita 20. Idadi ya kilo zinazotakiwa ili kuibonyeza milimita moja ndiyo tunayoiita ugumu wa springi. Springi ya mfano wetu ina ugumu wa kilo 2 kwa milimita. Ugumu huo umo katika chuma chenyewe, katika unene wa waya wake, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko yake. Nati haiwezi kuubadili. Ukiikaza nati, unaifinya springi kabla mtu hajapanda, na kwa hiyo pikipiki husimama juu zaidi; lakini kila milimita inayofuata bado hudai kilo zile zile 2, si zaidi.

Kwa nini basi isitoshe kuikaza tu mpaka pikipiki isimame mahali pake? Jibu ni kwamba gurudumu halina kazi ya kupanda peke yake. Linapopita juu ya jiwe lazima lipande, na linapofika penye shimo lazima lishuke haraka likaguse ardhi. Ili lipate kushuka, sharti pikipiki isimame ikiwa imeshuka kidogo kwa uzito wake. Springi iliyokazwa mno huisukuma pikipiki juu mpaka mwisho, na gurudumu halina tena mahali pa kushukia. Penye shimo huning'inia hewani. Unapofunga breki katika mteremko, tairi ya nyuma hurukaruka kama mbuzi, nayo breki haina faida kwa gurudumu lisilogusa ardhi.

Kwa sababu hiyo twahitaji vipimo viwili, si kimoja. Cha kwanza ni mshuko wa pikipiki peke yake, na cha pili ni mshuko wake pamoja na mpandaji. Vipimo hivi havidai chombo chochote illa futi ya fundi seremala, kipande cha chaki, na mtu mmoja wa kusaidia.

Inua pikipiki juu ya sanduku au gogo imara mpaka gurudumu la nyuma lining'inie bila kugusa chini. Tia alama ya chaki katika bodi, wima juu ya ekseli ya nyuma, kisha pima kutoka katikati ya ekseli mpaka alama ile, ukaandike. Tuseme ni milimita 600. Ishushe chini, uibonyeze mara mbili tatu ili itulie, msaidizi aishike isimame wima bila kuiegemea, upime tena. Tuseme sasa ni 575. Ondoa 575 katika 600, mshuko wa pikipiki peke yake ni milimita 25. Halafu mpandaji aketi mahali pake pa siku zote, amevaa kofia ya chuma na viatu vya safari, na begi lake la kazi mgongoni, miguu juu ya vikanyagio. Msaidizi apime mara ya tatu. Ikiwa ni 535, mshuko pamoja na mpandaji ni milimita 65.

Vipimo hivyo ni vya pikipiki iliyo sawa. Desturi ya mafundi wa mashindano ni kwamba mshuko pamoja na mpandaji uwe karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Ikiwa gurudumu la nyuma laweza kupanda milimita 200 tangu kuning'inia mpaka kugota, basi 60 hadi 70 yafaa. Mshuko wa pikipiki peke yake uwe mdogo, kama 15 hadi 30. Katika pikipiki kubwa za mashindano, ambazo magurudumu yake hupanda milimita 300, mshuko pamoja na mpandaji huwa karibu 100, na peke yake 30 hadi 40.

Sasa tumchukue Bwana Shamba mwenye kilo 102 apande pikipiki ile ile iliyowekwa kwa mtu wa kilo 72. (Mtu mnene asione haya kupimwa. Gunia la alizeti hupimwa kila siku nalo halioni haya.) Hesabu hii ni ya mfano, lakini ndivyo ilivyo katika pikipiki za kweli. Katika uzito wa mtu aliyeketi, yapata theluthi mbili huangukia gurudumu la nyuma. Kwa hiyo mtu wa kilo 72 huweka nyuma kilo 48, na Bwana Shamba wetu huweka kilo 68. Tuseme pikipiki yenyewe huweka juu ya springi ya nyuma kilo 60, bila kuhesabu gurudumu, kwa maana uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Jumla kwa mtu mwepesi ni kilo 108, kwa mtu mzito ni 128.

Hapa lazima nieleze kidogo habari ya wenzo. Shokapu ya nyuma haikukaa juu ya ekseli. Imekaa karibu na bawaba ya mkono unaoshika gurudumu, kama mtu anayeinua jiwe kwa mtaimbo akiwa ameshika karibu na ncha. Gurudumu likipanda milimita 25, springi hubonyea 10 tu, lakini hubeba nguvu mara mbili na nusu. Kwa hiyo springi yenye ugumu wa kilo 7.5 kwa milimita, ukiipima pale kwenye gurudumu, huonekana kama ya kilo 1.2. (Gawanya 7.5 kwa 2.5, kisha ugawanye tena kwa 2.5.) Ndiyo sababu springi moja ya nyuma huwa nene kama kidole gumba, hali zile za mbele ni nyembamba kama penseli. Mpango huu wa shokapu moja ya nyuma ulibuniwa na Mbelgiji Lucien Tilkens, na kampuni ya Yamaha ikautumia katika mashindano mwaka 1973. Kabla ya hapo pikipiki za njia mbaya zilikuwa na shokapu mbili, moja kila upande, kama pikipiki nyingi za kubebea abiria zilivyo mpaka leo.

Turudi kwa Bwana Shamba. Amezidi kilo 20 juu ya gurudumu la nyuma. Gawanya 20 kwa 1.2, atashuka milimita 17 zaidi ya yule mwepesi, yaani mshuko wake ni 82 badala ya 65. Fundi akikaza nati mpaka mshuko urudi 65, ameinua pikipiki milimita 17. Lakini sasa mtu akishuka chini na pikipiki ikasimama peke yake, ule mshuko wa 25 umebaki 8. Hii ndiyo dalili tunayoitafuta. Mshuko pamoja na mpandaji ukiwa sawa, na mshuko wa pikipiki peke yake ukiwa mdogo mno, springi ni laini kwa mtu huyo. Wengi hudhani kinyume. Huiona pikipiki imesimama juu, imekakamaa bila kushuka, nao husema springi hii ni ngumu. Siyo ngumu, imekazwa tu, na katika jiwe kubwa itagota mwisho. Kadhalika, mshuko pamoja na mpandaji ukiwa sawa na mshuko wa peke yake ukiwa mkubwa mno, springi ni ngumu kuliko uzito wa mtu, kama inavyompata msichana mwembamba akirithi pikipiki ya mtu mnene.

Je, Bwana Shamba atafute springi gani? Wengine hufanya hesabu kwa uzito wa mtu peke yake, wakaona kwamba aliyezidi kwa mbili ya tano atafute springi iliyozidi kwa mbili ya tano. Hiyo itakuwa ngumu mno, itamtikisa meno. Springi haimbebi mtu peke yake, humbeba pamoja na pikipiki. Chukua jumla ya nyuma: gawanya 128 kwa 108, utapata 1.185. Zidisha kwa 7.5, jibu ni karibu kilo 8.9 kwa milimita. Kwa springi hiyo, nati ikikazwa kadiri ile ile ya kwanza, mshuko wake pamoja na mpandaji utarudi 65, na pikipiki peke yake itashuka 17. Vyote viwili vimo ndani ya mipaka. Kwa ufupi, kilo 30 za mtu zimedai springi iliyozidi chini ya moja ya tano.

Springi za kampuni zinazojulikana huwa na namba iliyopigwa katika chuma au kuandikwa kwa rangi. Namba kama 8.9 ni kilo kwa milimita. Namba kama 87 hutumia kipimo cha Nyutoni, ukaigawanye kwa 9.8 ili upate kilo. Shida ni kwamba springi nyingi tunazoziona katika maduka ya vipuri, na zaidi zile zilizokwisha tumika, hazina namba yoyote, na muuzaji husema tu hii ni ngumu, chukua. Msitegemee macho. Ugumu huongezeka kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ukiwa na springi mbili zenye upana mmoja na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 10 na nyingine wa milimita 10.4, ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza kwa asilimia 17. Hiyo ndiyo karibu tofauti yote anayoitaka Bwana Shamba wetu, na hakuna jicho linaloweza kuiona. Waya wa milimita 11 huzidi kwa asilimia 46, nao tayari ni mno. Basi nendeni dukani na kipimo cha fundi kinachosoma sehemu za milimita, mkapime waya penye chuma kitupu pasipo rangi, mkahesabu mizunguko iliyo huru, mkapime upana wa duara na urefu wote. Springi ikiwa pana zaidi ni laini zaidi, na ikiwa na mizunguko michache ni ngumu zaidi.

Jambo hili la mizunguko limewafanya mafundi wetu kugundua ujanja, nao si wa kudharauliwa. Shokapu za mbele zina springi ndefu nyembamba ndani ya bomba. Ukikata mizunguko 5 katika 40, hubaki 35, na ugumu huongezeka kwa asilimia 14. Nafasi iliyobaki hujazwa kwa kipande cha bomba. Kazi hii yaweza kufaa mtu mzito ikiwa springi zote mbili zimekatwa sawa sawa na ncha iliyokatwa imesawazishwa kwa tupa na kuwekewa washa ya chuma. Lakini kwanza hesabu jambo moja: mizunguko iliyobaki ikilaliana yote, je, shokapu itakuwa imekwisha mwendo wake? Zidisha unene wa waya kwa mizunguko. Springi ikilaliana kabla ya shokapu kugota, hupiga chuma kwa chuma. Springi ya nyuma isikatwe kabisa. Nguvu iliyomo humo ni kubwa, ncha yake yapasa kukaa katika kikalio chake sawasawa, na ikichomoka yaweza kuvunja mkono wa mtu.

Za mbele ni rahisi kuzipima hata kijijini. Simamisha springi juu ya sakafu, uchomeke ndani yake nondo iliyonyoka ili isiiname, uweke juu yake ubao wenye tundu katikati, upime urefu. Kisha pakia ubaoni vitu vya kilo 20, nusu huku na nusu huku, navyo upate uzito wake katika mizani ya dukani. Ikishuka milimita 50, ugumu wake ni kilo 0.4 kwa milimita. Springi ya nyuma haipimiki hivyo, yahitaji jeki na mizani kubwa.

Msiongeze nyuma mkasahau mbele. Nyuma ikiwa imara na mbele imeachwa laini, pikipiki huinamia pua kila ukifunga breki, na katika mteremko wa Iramba hilo si jambo la mzaha.

Kuna neno juu ya oili pia. Springi hurudisha kila ilichopokea, na kazi ya oili iliyomo ndani ya shokapu ni kuizuia isirudi kwa kishindo. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo yahitaji kuzuiwa zaidi. Katika shokapu za mbele zilizo rahisi, oili nzito kidogo hutosha, kama kutoka ile ya 10 hadi ya 15, kwa kiasi kile kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Katika shokapu ya nyuma yenye skrubu ya kurekebisha mrudi, zungusha kidogo kidogo, ukapande na kujaribu. Zile zilizofungwa hazirekebishiki. Na shokapu yenye gesi isifunguliwe na fundi wa barabarani, kwa maana gesi yake imeshindiliwa kwa nguvu nyingi sana, na skrubu ikiruka huenda usoni.

Tena watu wasikosee maana ya haya yote wakadhani kwamba springi ngumu ni ruhusa ya kuongeza mzigo. Kiasi ambacho pikipiki imeruhusiwa kubeba kimeandikwa katika kitabu chake, nacho hutokana na fremu, rimu, breki na tairi pia. Mtu wa kilo 102 aliyebadili springi, akampakia na mwenzake na debe mbili za asali, amerudi pale pale alipoanza, tena katika hali mbaya zaidi.

Springi mpya ikiisha fungwa, ipande wiki mbili tatu, kisha rudia vipimo vile vitatu, kwa sababu chuma kipya huweza kutulia kidogo. Andika namba zote katika daftari la pikipiki: uzito wa mpandaji, vipimo, na unene wa waya. Ile springi ya zamani ipake oili, uifunge katika gunia, uiweke stoo pamoja na karatasi yenye jina lake. Pikipiki za kazi hupita kutoka mkono hadi mkono, na afisa atakayehamishiwa hapo mwakani huenda akawa na kilo 60.